Mvinyo wa Dodoma na Mlo Uliokosekana

Wengi wanaoonja mvinyo mwekundu wa Dodoma kwa mara ya kwanza huuona mtamu mno kunywewa na chakula, kisha lawama hulitupia jua la Ugogo, nchi ya Wagogo. Jua halina kosa. Utamu ule una historia, na historia yenyewe inaanzia altareni. Mizabibu ilifika Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki kutoka Italia katika miaka ya 1950. Misa inadai divai halisi ya zabibu isiyoharibika, na sheria ya Kanisa haikubali mbadala, iwe pombe ya mtama au wanzuki. Divai ya namna hiyo hunywewa kidogo, bila mlo, na chupa ikishafunguliwa huweza kukaa siku kadhaa. Kwa kazi hiyo utamu ni sifa. Lugha nayo imetunza ushahidi: kanisani tunasema divai, baa tunaagiza waini, na neno mvinyo, tulilolipata kwa Wareno, tumewaachia waandishi. Mezani, penye ugali na kitoweo, hatukuwahi kuhitaji jina lolote.

Baadaye dola ikaingia. Kampuni ya umma, DOWICO, ikasindika zabibu za wakulima, na ilipoanguka wakulima walibaki na tunda lisilovumilia kusubiri mnunuzi. Watu husimulia anguko hilo kama habari ya uchumi tu. Mimi naona lilifunua jambo jingine: aliyelima zabibu hakuwa mnywaji wa mvinyo wake. Kule Toscana, Italia, mkulima alikula chakula chake na mvinyo wa shamba lake, akaurekebisha kizazi baada ya kizazi kwa kinywa chake mwenyewe. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo, huku Dodoma, aliuza kwa kilo, akarudi nyumbani kula ugali wa uwele na mlenda. Nani basi angemwambia mtengenezaji kwamba mvinyo wake haupatani na nyama?

Mtu atanijibu kwamba nchi ya joto haina budi kutoa mvinyo mtamu. Ni kweli kwamba jua huongeza sukari ndani ya zabibu na kupunguza ukali wake, na kwamba Dodoma, isiyo na majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa na kumwagilia. Lakini sukari ya tunda si sukari ya chupa. Hamira ikiachwa imalize kazi, karibu sukari yote hugeuka kileo. Mvinyo ukibaki mtamu, kuna mtu aliyeamua uchachukaji usimame au aliyeongeza utamu. Tena mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wenye ubaridi husaidia kutunza ukali unaohitajika. Mvinyo mkavu wa Dodoma upo na unauzwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: eti vyakula vyetu haviupokei. Vingine haviupokei kweli. Mlenda na mvinyo mwekundu visikutanishwe, na samaki wa pwani huweza kuacha ladha mbaya kinywani akikutana nao. Pilipili kali pia hugombana na kileo, na hapo mvinyo wa utamu kiasi, ukipozwa kidogo, una nafasi yake. Lakini Ugogo ni nchi ya mifugo kabla haijawa nchi ya zabibu. Ukakasi wa maganda ya zabibu, unaosumbua ulimi mtupu, hushikana na protini na mafuta ya nyama, ukalainika, na nyama nayo ikapungua uzito mdomoni. Mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta na chumvi, au ng'ombe aliyechemshwa taratibu na mifupa yake, ndiye mwenzi wa mvinyo mkavu wa hapa. Nyama hiyo imejaa mnada wa Msalato, hapa hapa Dodoma, na anayeila huishushia kwa bia au soda.