Uzi: "Wataalamu wamesema" ina historia yake, na sehemu moja ilitokea hapa kwetu Ukambani

Mjadala wowote wa siasa ukifika pagumu, lazima kuna mtu atasema "wataalamu wamesema." Tulisikia kwenye GMO: marufuku ya 2012, ikaondolewa Oktoba 2022, kisha watu wakakimbilia kortini. Tulisikia kwenye chanjo. Hapa Wote tunasikia kila mchanga wa mito ukitajwa. Upande mmoja unamwona anayeuliza swali kama mjinga. Upande wa pili unasema sayansi yote ni njama ya wazungu. Mimi naona pande zote mbili zimeruka historia. Kaeni chini, uzi ni mrefu kidogo.

Tuanzie Ulaya, lakini haraka. Mwaka 1543 Copernicus alichapisha kitabu kinachosema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Januari 1610 Galileo akaelekeza darubini kwa sayari ya Jupita, akaona miezi minne inaizunguka. Yaani kuna vitu angani visivyotuzunguka sisi. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa kule Roma ikamlazimisha kukana, akafungiwa nyumbani mpaka akafa 1642. Stori hiyo wengi mnaijua.

Lakini kwa siasa, mwaka muhimu zaidi kwangu ni 1660, London, ilipoundwa Royal Society. Kaulimbiu yao, ukiileta Kiswahili, ni kama kusema: usikubali jambo kwa sababu tu fulani amelisema. Fanya jaribio, lionyeshe mbele ya watu, mwingine alirudie aone kama matokeo ni yale yale. Na jamii ikishazoea kumwuliza askofu "umejuaje?", kumwuliza mfalme swali hilo hilo ni hatua fupi tu.

Sasa, swali hilo lilikuwa na wenyewe. Waliokusanyika kushuhudia majaribio walikuwa mabwana wenye mali. Wanawake, kwa mfano, hawakuchaguliwa kuwa wanachama kamili wa Royal Society mpaka 1945. Shikilia hilo, kwa sababu sayansi ilipopanda meli kuja huku ilikuja na matokeo yake. Ile ruhusa ya kuuliza haikushuka melini.

Twende Machakos, miaka ya 1930. (Kwa wadogo: Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos mpaka 1992, kwa hivyo hii ni historia yetu moja kwa moja.) Ukame na nzige walikuwa wamepiga Ukambani vibaya. Udongo ulikuwa unabebwa na maji, vilima vimebaki mawe, makorongo yanakula mashamba. Wakati huo huo kule Marekani vumbi lilikuwa linafunika mashamba ya nyanda za kati, na maafisa wa kilimo wa Uingereza walikuwa wanasoma habari hizo kwa hofu. Afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika ripoti 1937 akisema, kwa ufupi, kwamba Wakamba wanaelekea kwenye umaskini na nchi yao inageuka jangwa.

Tuwe wakweli hapa: mmomonyoko ulikuwepo. Hakuzua. Shida ilikuwa kwenye hesabu iliyofuata. Serikali ilihesabu ng'ombe, ikagawanya kwa ekari, ikasema ng'ombe ni wengi kupita kiasi. Hesabu safi kabisa. Lakini ekari hizo ziliwekwa na nani? Mua Hills zilikuwa tayari za masetla. Nyanda za malisho upande wa Athi zilikuwa ranchi zao. Mipaka ya rizavu ilichorwa na serikali hiyo hiyo. Juu yake kulikuwa na karantini za mifugo zilizofanya iwe vigumu kwa Mkamba kuuza ng'ombe wake nje ya rizavu. Ukimfungia mtu na mifugo yake ndani ya boma halafu umwambie boma limejaa, umepima vizuri, ila umepima nusu.

Mwaka 1938 amri ikatoka: mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Na mwaka huo huo, hapo Athi River, kikafunguliwa kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig, kinachohitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini. Jina Liebig lenyewe ni la mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, mmoja wa waliofundisha dunia mmea unakula nini kutoka kwa udongo. Kwa hivyo jina la mtaalamu wa udongo lilikuwa kwenye geti la kiwanda kilichopelekewa ng'ombe waliokamatwa kwa kisingizio cha udongo. Ningeandika hivyo kwenye hadithi, mwalimu angesema nimezidisha chumvi.

Wakamba walifanya nini? Wakiongozwa na Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association, walituma malalamiko mpaka London. Kisha mwishoni mwa Julai 1938 mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi, wakisema wanataka kumwona Gavana wa koloni. Walikaa wiki kadhaa. Serikali ilikuwa na wasiwasi wa ziada, maana jeshi la KAR na polisi walijaa Wakamba. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha amri ya kupunguza mifugo kwa lazima ilikuwa imeachwa.

Watu wale hawakuwa wanabisha kwamba udongo unaisha. Wao ndio walikuwa wanalala njaa juu yake. Walikuwa wanauliza umejuaje kwamba tatizo ni ng'ombe wangu na si mpaka wako. Kwangu mimi, waliolala nje Nairobi walikuwa karibu zaidi na ile kaulimbiu ya 1660 kuliko maafisa walioondoka Uingereza nayo.

Na udongo je? Kazi ya lazima ya kuchimba matuta iliendelea kuchukiwa. Hata Makueni, ilipofunguliwa kwa makazi baada ya Vita vya Pili kwa kufyeka vichaka vya mbung'o, watu walisita kuhamia kwa sababu ya masharti mengi. Mambo yalibadilika mkulima alipoanza kujichagulia. Fanya juu, ile ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, ilienea sana kupitia mwethya, akina mama wakiwa mstari wa mbele. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos: watu walikuwa wameongezeka karibu mara 6 tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko umepungua. Kuna wasomi waliowapinga wakisema maskini na sehemu kavu, yaani sisi wa huku chini, hawakuonekana vya kutosha. Sawa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa hivyo mkiitwa tena ukumbini kwa ushirikishaji wa wananchi na mtu asome takwimu, msimzomee, na pia msikae kimya. Mwulize amepima nini, ameacha nini, na nani anauziwa ng'ombe.

Kiwanda cha Athi River kiligeuka Kenya Meat Commission mwaka 1950. Muindi Mbingu ana barabara katikati ya Nairobi, ile inayopita City Market. Ukiingia ndani, ni bucha baada ya bucha.