Miaka Minne ya Lavigerie, Sita ya Mtendeli

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Ujiji Januari 1879. Mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, aliwapa sharti gumu: mtu asibatizwe upesi. Miaka miwili awe mwombaji, miwili mingine mkatekumeni, ndipo apewe maji. Aliyekuwa kufani tu ndiye aliyeruhusiwa kuruka foleni. Utaratibu huo Lavigerie aliuokota katika Kanisa la karne za kwanza, na mwaka 1898 mapadri wake waliupeleka Muyaga, mashariki mwa Burundi, ng'ambo ya mpaka kutoka nchi ya Waha. Huko Ukristo uliingia kwa kungoja.

Wajukuu na vitukuu wa waamini wa kwanza wa Burundi ni miongoni mwa waliokimbilia Kigoma baada ya Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ikafurika. Januari 2016 serikali ya Tanzania ikafungua upya Mtendeli, kambi ya miaka ya 1990 iliyokuwa imefungwa wenyeji wake wa awali waliporudi kwao. Eneo lake sasa liko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo. Katika miezi michache iliwapokea wakimbizi takriban 50,000, na maji hayakuwatosha.

Makanisa yaliota humo ya miti, udongo na maturubai: ya Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato. Lugha haikuwa kikwazo, maana Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Waanglikana walikuwa na mizizi ya karibu: Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, iliundwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga. Kuhusu kungoja, wahubiri wa Kiprotestanti hupenda kukumbusha kwamba kati ya Malaki na Mathayo Mungu alinyamaza miaka 400. (Wakatoliki, wenye Wamakabayo katika Biblia yao, hutabasamu wakisikia hesabu hiyo.)

Ukimya wa Kikatoliki una siku yake, Jumamosi Kuu. Altare huachwa tupu, kengele zimenyamaza tangu Alhamisi, hakuna Misa mpaka mkesha. Wengi hudhani mambo yamekuwa hivyo tangu mitume. Sivyo. Kwa karne nyingi mkesha wa Pasaka ulifanyika Jumamosi asubuhi, na kufikia adhuhuri aleluya zilikuwa zimekwisha kuimbwa. Papa Pius XII ndiye aliyeurudisha usiku, kwanza kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa amri kuanzia 1956. Wakatoliki wa Muyaga walikaa zaidi ya nusu karne bila siku nzima ya kunyamaza mbele ya kaburi.

Kwetu subira husifiwa kupita kiasi, na sifa hiyo wamemiminiwa sana wakimbizi. Mzee Simeoni na nabii Ana, katika Luka sura ya 2, walingoja kwa hiari yao. Mkimbizi wa Mtendeli hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na mwaka 2017 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa kukosa fedha za wafadhili. Kungoja huko kulikuwa na sala ndani yake, lakini kulipangwa ofisini. Anayekuita Majilio anawaonea watu mara mbili.

Mwishoni mwa 2021 kambi ilifungwa tena. Waliokuwa bado hawajarudi Burundi walihamishiwa Nduta, Kibondo. Maturubai yaling'olewa. Kinachoweza kubaki ni daftari za ubatizo, kwa kuwa sheria ya Kanisa Katoliki inataka kila ubatizo uandikwe parokiani. Mapadri wa Kakonko na Kibondo, tunawaomba mzitunze mbali na mchwa na mvua: mtoto aliyebatizwa Mtendeli mwaka 2016 siku moja ataomba cheti ili afunge ndoa kanisani, na kambi yake haipo tena.