Keino, Kipchoge

Keino, Kipchoge Hezekiah (alizaliwa Kipsamo, Nandi, 1940) ni mwanariadha wa Kenya wa mbio za masafa ya kati na marefu ambaye, akiwa askari wa polisi, alivunja mwaka 1965 rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, ijapokuwa aliandamwa na maradhi ya nyongo, alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, na hapana shaka huo ndio ushindi wake uliotukuka kuliko wote. Miaka 4 baadaye, mjini München, akatwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, fani ambayo hakuizoea. Alipostaafu alifanya maskani karibu na Eldoret, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, akalea mayatima na kuasisi kituo cha mafunzo ya riadha. Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya tangu 1999 hadi 2017.