Chapa, Mota au Gari: Usafiri wa Wahamiaji wa Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado Mjini Pemba

Mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ndio jiji la kwanza ambalo watu wengi wa Palma, Quionga, Mocímboa da Praia, Pangane na Ibo hulifikia wanapohama makwao. Zamani aliyehama alikuwa zaidi kijana anayefuata shule au kazi. Tangu shambulio la waasi la tarehe 5 Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia, lililoanzisha vita mkoani, wamehama watu wa nyumba nzima, wazee kwa watoto. Sensa ya mwaka 2017 iliukuta mji wa Pemba una watu wapatao laki mbili. Kufikia mwaka 2021 ulikuwa umepokea wakimbizi wa ndani zaidi ya laki moja. Kila kaya iliyofika, ikishapata chakula na pa kulala, hukutana na swali la namna ya kuzunguka mjini: ipande chapa, yaani basi dogo la abiria, kila siku, au ijikaze inunue chombo chake?

Swali hilo kwa kawaida huulizwa likiwa limechelewa. Usafiri wa mhamiaji huamuliwa siku anapokubali nyumba au kiwanja. Akishahamia mahali ambapo chapa haifiki, hesabu zote zinazofuata ni za kufidia uamuzi huo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatetea msimamo kwamba kaya ya kipato cha kawaida inayohamia Pemba inafaa itafute makazi kwenye njia ya chapa, itegemee chapa na miguu kwa miaka ya mwanzo, na iache gari mpaka kuwe na kazi inayolilipa gari lenyewe.

Umbo la mji linaeleza mengi. Pemba umejengwa juu ya rasi kwenye mlango wa ghuba, na bahari imeuzunguka pande tatu. Mtaa wa kale wa wavuvi, Paquitequete, na mji wa mawe wa Wareno, ulioitwa Porto Amélia wakati wa ukoloni, viko kwenye ncha ya rasi, karibu na bandari. Mji ulipokua haukuwa na pa kwenda ila upande wa bara. Ulipita Natite, Ingonane na Cariacó, ukafika Alto Gingone, Mahate na Muxara, na tawi jingine likafuata ufuko wa mashariki kupitia Wimbe hadi Chuiba. Kazi, ofisi na biashara kubwa zimebaki kwa kiasi kikubwa upande wa zamani, wakati viwanja vya bei nafuu viko mwisho mwingine. Kwa hiyo kila asubuhi watu wanatiririka kuelekea upande mmoja kwa barabara chache zilezile, na jioni wanarudi.

Mwezi Oktoba 2020, mashua zilizojaa watu kutoka wilaya za kaskazini zilipofululiza kutua ufukoni Paquitequete, waliofika walipokewa na ndugu na jamaa papo hapo, nyumba moja ikabeba familia mbili au tatu. Makazi hayo yalikuwa ya dhiki, lakini yalikuwa na faida ambayo haikuonekana mpaka ilipokosekana: soko, pwani ya kuvulia na ofisi za serikali vyote vilifikiwa kwa miguu. Msongamano ulipozidi, wengi walisogea pembezoni mwa mji au wakapelekwa kwenye makazi mapya ya wilaya ya Metuge, ambako njia ya gari huizunguka ghuba kupitia Mieze kabla ya kuingia Pemba. Mvuvi aliyewekwa huko amepewa ardhi na kutenganishwa na bahari. Kwake yeye nauli ya kwenda pwani ni gharama ya uzalishaji, kama ilivyo nyavu.

Chapa ni basi dogo la mtu binafsi lenye leseni ya kubeba abiria. Halina ratiba, huondoka likijaa, na hupita panapolipa. Mambo haya ndiyo msingi wa ubora na ubaya wake. Kwenye barabara kuu za Pemba, ambako abiria ni wengi, chapa hufuatana na anayesubiri hasubiri sana. Kwenye mitaa ya mchanga na mitaro iliyochimbwa na mvua, mwenye chapa haoni sababu ya kuharibu springi zake kwa abiria wawili. Hapo abiria hushuka barabarani na kumalizia kwa miguu, kwa chopela ya magurudumu matatu au kwa mota (pikipiki) ya kukodi. Kipande hicho cha mwisho, ingawa ni kifupi, mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote kwa kilomita.

Hesabu ya nauli ni rahisi, na inashangaza ni kaya ngapi huhamia bila kuifanya. Mfanyakazi anayefika kazini kwa chapa moja, kwa siku 24 za kazi, hulipa nauli 48 kwa mwezi. Anayelazimika kubadilisha chapa njiani hulipa 96. Watu wawili wa kaya moja wakiwa katika hali hiyo, tofauti kati ya nyumba iliyo kwenye njia na nyumba iliyo mbali na njia ni nauli 96 kila mwezi, kabla ya kuhesabu mwanafunzi, mgonjwa wa kwenda hospitali au ndoo ya samaki inayotozwa kama mtu. Kodi ya nyumba ya mbali inapoonekana ndogo, ni haki kuijumlisha na nauli hizo ndipo ilinganishwe na kodi ya karibu. Mara nyingi unafuu wote huishia mfukoni mwa kondakta na mwenye mota.

Gari la binafsi lina hesabu ndefu zaidi. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Kuna mafuta, matairi, bima, vipuri vinavyosafirishwa kutoka Nampula, mji ulio zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na kuna chumvi ya bahari inayokula mabati ya gari linalolala karibu na ufuko. Magari mengi yanayonunulika ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, na yakiharibika humkuta mnunuzi amekwisha kumaliza akiba yake. Tena barabara si ya kutegemewa mwaka mzima. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, mvua zilizofuata zilijaza maji mitaa ya Pemba, Natite ikiwemo, na kuvunja njia za kwenda kaskazini. Kimbunga Chido kilitua Mecúfi, kusini kidogo ya Pemba, tarehe 15 Desemba 2024. Mwenye gari hubeba hasara ya namna hiyo peke yake, ilhali mpanda chapa hupoteza muda na nauli, kisha hutafuta njia nyingine.

Hoja nzito kuliko zote kwa upande wa gari haitokani na uchumi. Watu waliowahi kukimbia usiku huona chombo chao wenyewe ni usalama, na hakuna mwenye haki ya kuwabeza kwa hilo. Hata hivyo ushahidi wa vita hivi hauiungi mkono hoja hiyo kwa uwazi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu waliojikusanya katika hoteli ya Amarula walijaribu kutoka kwa msafara wa magari siku mbili baadaye, na msafara huo ukavamiwa njiani. Waliosalimika kwa wingi walipita porini kwa miguu au walitoka kwa bahari. Meli moja peke yake ilifikisha Pemba zaidi ya watu 1,000 siku chache baada ya shambulio. Kadhalika barabara ya kaskazini inayoachana na ile ya Pemba pale Sunate, ikipita Macomia kuelekea Awasse, imewahi kupitika kwa misafara yenye ulinzi wa jeshi tu. Gari halifungui barabara iliyofungwa. Kwenye vizuizi nalo huongeza karatasi za kuonyeshwa: leseni, kitabu cha gari na bima, juu ya kitambulisho ambacho wengi walikipoteza nyumba zilipoungua.

Inafaa kukumbuka pia kwamba watu wa pwani hii si wageni wa usafiri wa pamoja. Kabla barabara haijafika, safari kati ya Ibo, Mocímboa, Palma na Mtwara ilikuwa ya jahazi na mashua, abiria wakilipa nauli, wakisubiri maji yajae na upepo ukae sawa. Kungojea chombo kijae ni desturi ya kale. Kipya ni kusafiri hivyo kila siku ya Mungu, na kupimwa kazini kwa saa ya kufika.

Kati ya chapa na gari kuna pikipiki, ambayo Cabo Delgado huitwa mota, na kwa kweli ndiyo chombo cha kwanza ambacho mhamiaji hununua. Hapa pana kosa la hesabu linalorudiwa. Mota inayobeba abiria ni duka. Inayompeleka mwenyewe kazini na kulala uwanjani ni matumizi. Vijana wengi waliofika bila shamba wala mashua wamepata riziki kwa mota ya kukodi, na kazi hiyo inastahili heshima, kwani ndiyo inayoifikia mitaa ambayo chapa imeikataa. Lakini familia inayokopa kununua mota kwa safari zake yenyewe, ikijipa moyo kwamba siku moja itaingiza hela, imechukua mzigo wa biashara bila mapato yake. Ajali nazo haziwezi kuachwa nje ya hesabu. Mota yenye watu watatu na mzigo kwenye mchanga ni hatari, na mguu wa mtafutaji riziki wa kaya ukivunjika, kaya yote imesimama.

Wapo wanaoipita Pemba na kuvuka mto Ruvuma kuelekea Dar es Salaam, ambako kwa vizazi vingi kuna Wamakonde na watu wa pwani wenye asili ya Msumbiji. Huko swali ni lilelile kwa kipimo kikubwa zaidi. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 kwenye njia za jumla ya kilomita 21, ikiwemo ile ya Kimara hadi Kivukoni, kwa nauli ya Sh 650 katika njia kuu, mkazi wa Kimara alipata barabara yake pembeni mwa foleni ambayo mwenye gari alibaki ameketi ndani yake. Mabasi hayo yamelalamikiwa kwa kujaa kupita kiasi na kwa uchache wake, na malalamiko ni ya haki. Bado yalithibitisha jambo moja: usafiri wa umma hushinda gari pale tu unapopewa nafasi yake barabarani. Pemba haihitaji mradi wa ukubwa huo. Inahitaji barabara za mitaa zinazopitika masika na kiangazi.

Yapo mazingira ambayo gari ni uamuzi sahihi. Mchuuzi wa jumla anayepeleka samaki wakavu Montepuez, fundi mwenye zana nzito, kaya yenye mlemavu asiyeweza kuparamia chapa iliyojaa, hawa wana sababu iliyo wazi. Mwanamke anayetoka zamu ya usiku hospitalini naye hana chapa ya kumrudisha, na kumshauri asubiri ni kumhatarisha. Kipimo kwa wote hawa ni kazi ambayo gari litaifanya, na kama fedha ya kazi hiyo inatosha kulitunza.

Nauli nayo ni jambo la siasa, wala serikali haina udhuru wa kulisahau. Tarehe 5 Februari 2008 kupandishwa kwa nauli za chapa kulizusha ghasia kubwa Maputo, na serikali ikalazimika kusimamisha bei mpya. Mkazi wa pembezoni mwa Pemba, aliyehamishwa na vita na kupewa kiwanja asichokichagua, analipa nauli mbili au tatu pale ambapo mwenye nyumba ya mjini halipi hata moja. Baraza la manispaa ya Pemba na wale wanaopima viwanja Metuge wanapaswa kufungua barabara ya chapa kwanza, waiwekee kifusi na mifereji, na kukubaliana na wenye magari juu ya vituo na nauli, ndipo viwanja vigawiwe.