Mchuzi wa kondoo wa Ireland: viungo vichache, moto mdogo na mjadala wa karoti

Ng'ambo ya Bahari ya Ireland, katika nchi iliyo jirani wa Uingereza upande wa magharibi, kuna chakula ambacho kila nyumba hudai kukijua kuliko nyumba ya pili. Kwa lugha ya Kiairishi huitwa stobhach gaelach. Msingi wake ni nyama ya kondoo, viazi, vitunguu na maji. Hakina nyanya, hakina bizari, wala hakitiwi unga wa kukifanya kizito.

Kwa mpishi aliyelelewa katika majiko ya Afrika Mashariki, ambako mchuzi huanza kwa kitunguu kukaangwa na viungo kuungwa, orodha hiyo huonekana kama kazi iliyoachwa nusu. Lakini sufuria hii hufuata kanuni nyingine: ladha hutoka kwenye mifupa, uzito hutoka kwenye viazi, na ulaini wa nyama hutokana na muda. Anayeujua mtori wa Kilimanjaro, ambamo ndizi ndizo zinazoupa mchuzi wa nyama uzito wake, hatakuwa mgeni wa kanuni hiyo.

Chakula kilichozaliwa na uhaba

Kwa karne nyingi kondoo wa Ireland alifugwa kwanza kwa ajili ya sufu na maziwa. Mwenye kundi hakuwa na sababu ya kumchinja mnyama mchanga. Aliyefika jikoni alikuwa kondoo mzee, ambaye nyama yake ngumu haikufaa kuchomwa. Dawa yake ilikuwa chungu kikubwa cha chuma kilichoning'inizwa juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, kikaachwa kitokote kwa saa nyingi.

Kiazi kilikuja baadaye. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, nacho kiliingia Ireland mwishoni mwa karne ya 16. Kilistawi katika udongo mbaya na kulisha watu wengi katika kipande kidogo cha ardhi, hivyo wakulima maskini wakakitegemea kuliko zao lolote.

Tegemeo hilo liliwaangamiza. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi mashambani, na njaa kuu ikaendelea hadi mwaka 1852. Sensa ya mwaka 1841 ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni 8 kisiwani. Takriban watu milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama, wengi wakielekea Marekani, na wengine wakiishia Liverpool, Glasgow na London. Katika miaka hiyo hiyo, nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kutoka bandari za Ireland kwenda Uingereza.

Ni vyema kulikumbuka hilo kila mchuzi huu unapoitwa chakula cha maskini. Maskini hasa wa miaka ya 1840 walikula viazi na maziwa yaliyochachuka. Nyama kwao ilikuwa jambo la nadra. Sufuria yenye kondoo na viazi pamoja ilimaanisha kwamba siku hiyo nyumba ilikuwa na afadhali.

Mjadala wa karoti

Hakuna swali linalowagawa wapishi wa Ireland kama hili: je, karoti zitiwe au zisitiwe? Kundi moja linashikilia kwamba mchuzi halisi ni mweupe, wenye nyama, viazi na vitunguu tu. Theodora FitzGibbon, mwandishi wa kitabu A Taste of Ireland cha mwaka 1968, alikuwa upande huo. Aliona kwamba karoti, tanipu au shayiri huharibu usafi wa ladha. Kanuni iliyochapwa London mwaka 1861 katika kitabu maarufu cha Isabella Beeton nayo haina karoti.

Kundi la pili hutia karoti bila kuomba radhi. Miongoni mwao wamo wapishi wa Ballymaloe, katika jimbo la Cork, nyumba ambayo Myrtle Allen aliifungua kuwa mkahawa mwaka 1964 na ambayo imechangia sana kuvipa heshima vyakula vya Ireland. Wao hukaanga nyama na mboga kidogo kabla ya kutia maji.

Kila upande una hoja. Jiko la shamba lilitumia kilichopatikana: palipokuwa na karoti zilitiwa, na palipokosekana hakuna aliyezitafuta. Mpishi wa nyumbani anaweza kuanza na mchuzi mweupe ili aijue ladha ya asili, kisha akaamua mwenyewe siku nyingine.

Nyama ya kuchagua

Kosa la kwanza hufanyika buchani, pale mnunuzi anapochagua nyama ya bei kubwa isiyo na mafuta wala mfupa. Paja zuri hukauka likipikwa kwa muda mrefu. Sehemu zinazofaa ni shingo na bega, ambazo kwa kawaida ni nafuu zaidi. Misuli ya sehemu hizo hufanya kazi nyingi mnyama akiwa hai, kwa hiyo ina kano na tando zenye kolajeni. Kolajeni ikipata joto la wastani kwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoufanya mchuzi uteleze mdomoni.

Nchini Uingereza, mwanakondoo ni mnyama asiyezidi mwaka 1. Kondoo wa zaidi ya miaka 2 ana ladha nzito zaidi, na ndiye aliye karibu na mchuzi wa kale, ila anahitaji muda mrefu zaidi jikoni. Katika bucha nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya bara Hindi, jina la Kiingereza la nyama ya kondoo mkubwa hutumika pia kwa mbuzi, hivyo ni busara kumwuliza mwuzaji. Hata hivyo mbuzi hatauharibu mchuzi: FitzGibbon mwenyewe aliandika kwamba hapo mwanzo chakula hiki kilipikwa kwa nyama ya mwanambuzi.

Viazi vya aina mbili

Siri ya uzito wa mchuzi ni kutumia viazi vya namna mbili. Viazi vyenye unga mwingi, kama King Edward au Maris Piper, huvunjika na kuyeyuka, wanga wake ukaufanya mchuzi uwe mzito. Viazi vyenye nyama ngumu, kama Charlotte, hubaki vizima hadi mezani. Anayetumia aina ya kwanza pekee huishia na uji, na anayetumia aina ya pili pekee huishia na supu nyepesi.

Viazi vya kuyeyuka havilowekwi majini baada ya kukatwa, kwa sababu maji huondoa wanga unaohitajika.

Mahitaji kwa watu 6

- Nyama ya shingo au bega la kondoo pamoja na mifupa: kilo 1.3
- Viazi vyenye unga: gramu 500
- Viazi vigumu: gramu 700
- Vitunguu maji: vikubwa 3
- Maji: takriban lita 1
- Thaimu: vijiti 3
- Chumvi na pilipili manga: kwa kiasi cha kuonja
- Majani ya pasli, mmea wa jamii moja na giligilani: fungu dogo
- Karoti 3, kwa anayezipenda

Namna ya kupika

Nyama hukatwa vipande vya sentimita 4 hadi 5. Mafuta yaliyozidi huondolewa, lakini mifupa hubakizwa. Nyama na mifupa huwekwa katika sufuria nzito, kisha hutiwa maji baridi hadi yafunike nyama. Sufuria huwekwa kwenye moto wa kati.

Maji yanapokaribia kuchemka, povu la kijivu hupanda juu. Povu hilo huenguliwa kwa kijiko mara kadhaa hadi likome. Hatua hii haichukui zaidi ya dakika 10, na ndiyo inayotofautisha mchuzi safi na mchuzi wenye rangi ya matope.

Baada ya hapo moto hupunguzwa. Vitunguu nusu hukatwa vipande vyembamba na kutiwa pamoja na thaimu, chumvi kijiko kidogo 1 na pilipili manga. Viazi vyenye unga humenywa, hukatwa slesi nyembamba na kutiwa wakati huo huo. Sufuria hufunikwa, mfuniko ukiachwa wazi kidogo.

Kuanzia hapo kazi kubwa ni kusubiri. Mchuzi unapaswa kutokota tu, viputo vichache vikipanda kimoja kimoja. Nyama ya mwanakondoo huachwa hivyo kwa saa 1. Ya kondoo mkubwa, saa 1 na nusu hadi 2. Kijiko hupitishwa chini ya sufuria mara moja moja, kwa kuwa wanga wa viazi hushika upesi.

Muda huo ukitimia, slesi za viazi zitakuwa zimeanza kuyeyuka. Hapo hutiwa vitunguu vilivyobaki, vikiwa vimekatwa vipande vikubwa, pamoja na viazi vigumu, vizima vikiwa vidogo au nusu nusu vikiwa vikubwa. Karoti, kama zipo, hutiwa sasa. Maji huongezwa tu ikiwa yamepungua sana, kwani viazi vya juu vinaweza kuiva kwa mvuke.

Baada ya dakika 30 hadi 40 chakula huwa tayari. Dalili ni tatu: nyama huachia mfupa inapoguswa kwa uma, kisu hupenya kiazi bila kukipasua, na mchuzi huacha utando mwembamba mgongoni mwa kijiko. Chumvi huonjwa tena, mifupa mitupu na vijiti vya thaimu huondolewa, na sufuria huachwa itulie kwa dakika 10. Pasli iliyokatwakatwa hunyunyizwa mwisho.

Mwenye oveni anaweza kufanya kazi yote ndani yake baada ya kuengua povu, kwa joto la nyuzi 160 za Selsiasi, katika chombo chenye mfuniko imara. Muda hauna tofauti kubwa.

Makosa ya kawaida

Moto mkali ndio kosa kubwa kuliko yote. Nyama inayochemshwa kwa kasi hujikunja na kutoa maji yake, ikabaki nyuzi kavu hata kama imezama kwenye mchuzi. Ikiwa baada ya saa 1 nyama bado ni ngumu, hilo si jambo la kuhofia. Inahitaji muda zaidi.

Kosa la pili ni maji mengi. Mchuzi huu si supu ya kunywa kwa kikombe. Ukiwa mwepesi, mpishi huponda viazi vichache pembeni mwa sufuria na kuvikoroga ndani. Kosa la tatu ni kuongeza viungo kwa hofu ya ladha hafifu. Pilipili na bizari zina michuzi yake. Hapa huifunika ladha ya kondoo ambayo mpishi ameisubiri saa 2.

Mlo usio na pombe wala nguruwe

Kwa familia za Kiislamu, mchuzi wa kondoo wa jadi hauna kikwazo iwapo nyama imechinjwa kihalali, kwa sababu hautiwi pombe. Mchuzi uliopikwa kwa bia nyeusi, unaouzwa katika baa nyingi, kwa kawaida ni wa nyama ya ng'ombe na ni chakula tofauti. Vivyo hivyo, chakula kiitwacho coddle, maarufu mjini Dublin, huandaliwa kwa viazi na vitunguu lakini nyama yake ni ya nguruwe. Kwa macho vinaweza kufanana, hivyo inafaa kuuliza kabla ya kuagiza.

Kiporo chake

Wengi husema mchuzi huu huwa mtamu zaidi siku ya pili. Ukipoa usiku kucha kwenye friji, mafuta huganda juu na kuondolewa kwa urahisi. Mamlaka ya viwango vya chakula nchini Uingereza hushauri kiporo kipozwe na kuingizwa kwenye friji ndani ya saa 1 hadi 2, kiliwe ndani ya siku 2, na kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Sufuria kubwa hupoa upesi ikigawanywa katika vyombo vidogo. Anayetaka kugandisha afanye hivyo kabla ya kutia viazi vigumu, kwa sababu viazi vilivyogandishwa huwa na majimaji.

Mezani, mchuzi hupakuliwa katika bakuli za kina na kuliwa na mkate wa magadi, uokwao bila hamira kwa unga wa ngano na maziwa ya mtindi. Tarehe 17 Machi, Siku ya Mtakatifu Patrick, nyumba nyingi zenye asili ya Ireland huupika kwa heshima ya sikukuu. Siku nyingine za baridi hupikwa kwa sababu ile ile ya zamani: nyama ya bei nafuu, viazi vichache na moto mdogo vinatosha kuwashibisha watu 6.