Vioo vya Kanisa la Croick

Kaskazini mwa Uskoti, katika bonde la Strathcarron, limejengwa kanisa dogo la mawe liitwalo Croick. Halina nakshi wala fahari. Lina kuta nene, kengele moja na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Umaarufu wake umetokana na maneno machache yaliyokwaruzwa juu ya vioo hivyo mnamo mwezi wa Mei 1845.

Kanisa lenyewe ni zao la serikali. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kujenga nyumba za ibada katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, ambako parokia moja iliweza kuenea milima na mabonde kiasi cha muumini kushindwa kuifikia ibada. Zilitengwa paundi 50,000, na kila mahali gharama ya kanisa pamoja na nyumba ya mchungaji isizidi paundi 1,500. Kazi hiyo ilisimamiwa na mhandisi mashuhuri Thomas Telford. Makanisa 32 yalijengwa kwa michoro iliyokaribiana sana, na Croick likakamilika mwaka 1827.

Lakini katika Uskoti wa zama hizo mwenye ardhi alikuwa na sauti hata mimbarini. Sheria ilimpa aghalabu haki ya kuwachagulia waumini mchungaji, wapende wasipende. Ugomvi juu ya haki hiyo ulilipasua Kanisa la Uskoti mwaka 1843, pale takriban theluthi moja ya wachungaji walipoacha nyumba zao na mishahara yao wakaunda Kanisa Huru. Mchungaji wa Croick, Gustavus Aird, alikuwa miongoni mwao, na karibu waumini wake wote walimfuata. Jengo likabaki na milango yake, ila watu wakawa wamekwenda.

Miongoni mwa waumini hao walikuwamo wakulima wa Glencalvie, bonde lililo jirani. Walikuwa wapangaji wa ukoo wa Robertson wa Kindeace, na kodi yao hawakuwa na deni nayo. Kosa lao lilikuwa kukaa juu ya majani ambayo kondoo wangeyalipia zaidi. Msimamizi wa mashamba, James Gillanders, alijaribu kuwatoa mwaka 1842. Wanawake wakawapokea askari njiani na kuziteketeza kwa moto hati za kuwafukuza. Baadaye hati zilirudi, na safari hii hapakuwa na wa kuzizuia. Mwenye nguvu mpishe, wasema wahenga. Watu wa Glencalvie walipisha, ila hawakuwa na pa kwenda.

Walikwenda Croick. Hawakuingia kanisani. Walikaa nje, katika uwanja wa makaburi ya wazee wao, chini ya turubai lililotandazwa juu ya miti, pande zote likizibwa kwa mablanketi. Walikuwa takriban 80, wakiwamo watoto. Aird aliusimamia utetezi wao, na mwandishi aliyetumwa na gazeti la The Times la London aliwaona kwa macho yake na kuyatangaza masaibu yao. Habari zikaenea, huruma ikawa nyingi, lakini ardhi haikurudi.

Ndipo baadhi yao walipoandika juu ya vioo vya dirisha la mashariki, wakiwa nje. Waliandika majina, tarehe, na kwamba watu wa Glencalvie walikuwapo hapo. Kuna mkono mmoja ulioandika kwamba watu hao ni kizazi kiovu.

Maneno haya yana uzito wa aina mbili. Kwanza ni lugha yake. Watu hawa walizungumza na kusali kwa Kigaeli, na Biblia kamili kwa lugha hiyo walikuwa nayo tangu 1801. Walakini waliandika kwa Kiingereza, lugha ya hati zilizowafukuza. Anayetaka kusomwa na wenye mamlaka hulazimika kuazima kalamu yao.

Pili ni hukumu iliyomo. Kizazi kiovu ni maneno ya Injili. Wapo wachungaji wengi waliohubiri kwamba kufukuzwa ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za wanaofukuzwa, na mafunzo hayo yalizama mioyoni. Mnyonge alipokonywa nyumba, kisha akafunzwa kujilaumu kwa kupokonywa.

Hata hivyo, aliyejilaumu hakunyamaza. Alitaja bonde lake kwa jina na akaweka mwaka. Majumba ya Glencalvie yalibomoka, na kondoo wakalisha juu ya misingi yake, lakini kioo, ambacho kijiwe kimoja kingetosha kukivunja, kilihifadhi ushahidi. Nao, kwa kuwa uliandikwa kwa nje, aliyeketi ndani ya kanisa huuona kinyume. Atakaye kuusoma sawasawa hana budi kutoka, asimame makaburini, pale waliposimama wao.