Norwei: Umeme na msukosuko nyuma ya mwanga wa kaskazini

Usiku wa majira ya baridi, wakazi wa Tromsø na Skibotn, kaskazini mwa Norwei, huona pazia la kijani likipepea angani. Hiyo ni sehemu inayoonekana. Kati ya kilomita 90 na 120 juu ya ardhi hupita mkondo mkubwa wa umeme, nao huivuruga hewa nyembamba ya huko.

Chanzo chake ni upepo wa jua, ambao ukikutana na uga sumaku wa dunia huzalisha uga wa umeme katika maeneo ya ncha. Kwa kipimo cha nyumbani uga huo ni hafifu: dhoruba ikiwa kali hufikia volti 1 kwa kila mita 10. Lakini ukienea kilomita 500, jumla yake ni volti 50,000.

Katika kimo hicho ioni hugongana mno na hewa, hivyo hazisogei sana. Elektroni, zilizo nyepesi, hukimbia. Kasi yao ikizidi takriban mita 400 kwa sekunde, mtiririko hukatika na kuwa mawimbi ya urefu wa mita chache. Donald Farley na Oscar Buneman walilieleza jambo hili mwaka 1963, kila mmoja kivyake. (Msukosuko huohuo hutokea pia juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia.)

Mawimbi hayo huzipasha elektroni joto hadi kupita nyuzi 1,000, na msuguano wa ioni na hewa huongeza joto jingine. Hewa ya juu hutanuka na kupanda. Februari 2022, dhoruba ambayo wala haikuwa kali iliongeza ukinzani wa hewa mbele ya setilaiti 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa punde; 38 zilipotea.

Ugumu wa kutabiri hasara kama hiyo uko katika hesabu: uga ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Anayepima wastani tu, huku uga ukibadilika kila sekunde, hupata joto pungufu. Rada ya EISCAT, iliyoanza kazi Tromsø mwaka 1981, hutazama upande mmoja kwa wakati. Mrithi wake, EISCAT_3D, umebuniwa kutazama pande nyingi kwa pamoja: antena karibu 10,000 ziko Skibotn, na vituo vya kupokea viko Karesuvanto nchini Ufini na, upande wetu wa Uswidi, Kaiseniemi katika manispaa ya Kiruna.